Zenon Alivyoachwa kwa Mazombi

Kijiwe cha Majengo, pale Sumbawanga, kiko katikati ya banda la gemu na karakana ya kuchomelea vyuma, kwa hiyo ukikaa unasikia risasi sikio hili na nyundo sikio lile. Benchi lenyewe ni ubao wa tela la zamani, na juu yake wametandika gunia la katani, kwa sababu baridi ya Ufipa haina adabu, inapanda kutoka chini. Muuza kahawa Ndalahwa akishaweka birika na sahani ya kashata, kila jambo la dunia linapata mtu anayelijua kuliko aliyelitenda. Wiki hiyo jambo lilikuwa moja tu. Zenon, aliyepewa cheo cha Kamanda kwa umahiri wake katika gemu la mazombi, alikuwa ameachwa. Aliyemwacha ni Vicent wa Pito, rafiki yake tangu utoto. Kila mmoja wao ana maksai mmoja. Wakifungwa nira wanakuwa jozi, na jozi inalima mashamba ya nyumba zote mbili. Ng'ombe wote hulala zizini kwa Vicent, maana Majengo hakuna pa kufugia. Mvua zilikuwa zimeanza, watu wako mashambani, na Zenon alikuwa ameapa kuivunja jozi.

Zenon: Narudia, nisikilizeni vizuri. Gemu lile mnacheza wawili, upande mmoja, mnapigana na mazombi. Mmoja akidondoka, mwenzake anamfuata anamnyanyua. Anabonyeza kitufe tu, unaamka. Sasa tuko geti la mwisho, geti tunalolihangaikia tangu mavuno. Nikadondoka. Nikamwambia, Vi, ninyanyue.

Ndalahwa: Akasemaje?

Zenon: Asemeje? Simu yake iliita, akapokea, akaweka pedi ya kuchezea chini, akatoka mbio. Mimi nimelala pale naliwa.

Hadithi hiyo alikuwa amemsimulia kila aliyekuja kunywa kahawa, na kila mara mazombi yalizidi kuongezeka. Hata hivyo kilichomuuma hakikuongezwa chumvi. Katika magemu yote aliyocheza na Vicent, hakuwahi kulala chini hadi mwisho. Alishazoea kunyanyuliwa.

Mzee Fransisko alishusha kikombe. Aliwahi kuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo, na tangu hapo anaitwa Sheria.

Sheria: Hilo lina jina lake. Utelekezaji.

Daktari: Utelekezaji si wa mke na watoto, mzee?

Huyu Daktari ni Christopha, muuza sumu ya panya. Wagonjwa wake hawajawahi kulalamika.

Sheria: Mke ukimtelekeza ana ndugu zake. Huyu kaachwa kwa mazombi. Kifungo chake kingekuwa kirefu zaidi.

Daktari: Mimi naitazama ile simu. Mtu hapokei simu vita imepamba moto kama hakuwa anaisubiri. Kuna watu wa Msanzi wanatafuta maksai. Wanamtaka wako, Kamanda. Wamemwambia Vicent, mvunje moyo kwanza kwenye gemu, akikasirika mtagawana, sisi tutamchukua maksai wake angali na hasira.

Zenon: Ona. Halafu watu wanasema nimezidisha.

Ndalahwa: Nyinyi mnatazama karibu. Mimi naona Vicent amekubaliana na mazombi yenyewe.

Daktari: Yale ni picha, Ndalahwa.

Ndalahwa: Ndiyo maana ni rahisi kukubaliana nayo, hayana maswali. Kamanda, Vicent alipoweka pedi chini, yule mtu wake ndani ya gemu alifanyaje?

Zenon: Alisimama tu.

Ndalahwa: Yakamla?

Zenon alifikiri kidogo, na akaona fahari kuwa na ushahidi.

Zenon: Hayakumgusa. Yalimpita yakaja kwangu.

Ndalahwa: Mimi nimemaliza.

Sheria: Paroko angewawekea wachumba gemu hilo. Mafundisho yale marefu ya ndoa ya nini? Wakae wawili, mmoja adondoke. Anayenyanyua aoe. Anayepokea simu arudi kwao.

Daktari: Na nambari yake ungali nayo?

Zenon: Nimemfungia tangu jioni ile. Apige mpaka achoke.

Benchi zima likamsifu kwa msimamo. Ndalahwa akamjazia kikombe, na Zenon akajiona mtu mzito, mtu asiyechezewa. Hapo ndipo Luciana, jirani wa Vicent kule Pito, alipofika akikokota baiskeli yenye jembe la plau lililopasuka, kwa ajili ya kuchomelewa.

Luciana: Shikamoo mzee. Hamjambo kaka zangu. Zenon, kumbe uko hapa?

Zenon: Niwe wapi, dada? Mimi na Vicent basi tena.

Luciana: Mume wangu amekwenda Kate leo. Atalala huko.

Zenon: Afike salama.

Luciana: Sasa jioni nani atashika upande wa pili?

Sheria alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Ndalahwa, naye akalifunika birika ingawa hakuna aliyeligusa. Hakuna aliyejua upande wa pili wa nini.

Zenon: Wa nini?

Luciana: Wa maksai wako. Siku ile mvua ya kwanza ilipopiga aliteleza akatumbukia mtaroni, nyonga ikateguka. Mimi ndiye niliyempigia Vicent simu. Alifika tope mpaka magotini. Mpaka leo ng'ombe haamki mwenyewe. Asubuhi na jioni wanampitishia gunia chini ya tumbo, Vicent huku, mume wangu kule, wanamnyanyua, wanamshikilia mpaka miguu ipate nguvu. Akiachwa amelala, ndiyo basi. Vicent anasema akikupigia hupatikani.

Akaingiza jembe lake karakanani. Daktari alitafuna kashata moja hadi ikaisha.

Daktari: Swali sasa ni nani alichimba huo mtaro.

Sheria: Hapo umenena. Mtaro una mwenyewe.

Zenon hakuwasikia. Aibu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Aliifungulia ile nambari, akapiga, na kabla haijapokelewa alikuwa ameshatunga maneno marefu ya kuomba radhi.

Vicent: Kamanda.

Zenon: Vi, nisikilize, ndugu yangu, mimi nili...

Vicent: Uko wapi?

Zenon: Majengo.

Vicent: Utayasema tukishamaliza. Njoo na gunia, hili limechanika.

Zenon alirudisha simu mfukoni, akaacha kikombe chake kimejaa.

Zenon: Simameni.

Sheria: Tusimame wapi tena?

Zenon: Hapo mlipokaa. Nalitaka gunia.

Wakasimama, mmoja mmoja, vikombe mkononi. Zenon akalivuta gunia, akalikung'uta makombo ya kashata, akalitia kwapani, akaelekea Pito kwa miguu, anakimbia.