Ukinyamaza Getini

Nabwire aliona kwanza vidole vya dada aliyekuwa mbele yake: vilichapa hewani hata akiongea. Katika foleni ya matatu pale kituo cha Kawangware 56, dada huyo, Adhis, mtunza kompyuta za kliniki moja, alikuwa akimfunza Walubengo, soja wa geti la kliniki hiyo, ambaye wala hakuwa ameuliza.

"Seva, ile kompyuta kuu, haifungui bila jina, mzee. Ukinyamaza, kompyuta yako inakutajia lile jina uliloiwashia asubuhi. Seva isipolijua, unafukuzwa."

"Kwangu getini ukinyamaza hufunguliwi! Utajiwe na nani, na mdomo unao?"

"Ai, we ni mkali kushinda seva!"

Nabwire alivutiwa mno. Tangu aache shule darasa la sita alitamani kazi kama hiyo, ila hakuna aliyemsemea.

Matatu ikafika, Adhis akapanda, Nabwire naye akapanda nyuma yake.

"Dada," Nabwire akasema, "mimi naitwa Nabwire. Nataka unifunze."