Mtoto wa Nne Niliyemruka Kwenye Fomu ya Uraia

Bwana Yesu asifiwe! Na ninyi wa viti vya nyuma, mlio karibu na mlango, asifiwe tena! Mwangaluka, nawasalimu kwa Kisukuma, wazee wangu. Nimeomba dakika chache, na mchungaji ananijua, ameitazama saa yake. Lakini leo nitasema mpaka mwisho, maana nimekaa na neno hili muda mrefu.

Wengi hapa Bariadi mnaniita Fundi. Jina langu ni Odhiambo. Nilizaliwa Kenya, upande wa Rongo, nikavuka mpaka wa Sirari nikiwa kijana na sanduku la spana, kuja kufunga mashine za kuchambua pamba. Nilidhani nitakaa msimu mmoja. Ndugu zangu, pamba ikaisha, nikabaki. Nikampata Kabula, binti wa kijiji cha Mwamapalala, nikapeleka ng'ombe kwa wazee wake, tukabarikiwa watoto watatu: Neema, Yohana na Ester. Kisukuma changu mnakicheka mpaka leo, lakini nanunulia nacho mbuzi.

Miaka yote hiyo niliishi kwa kibali cha ukaazi. Kikikaribia kuisha, kiwanda kinaniombea kingine. Nilizoea, kama mtu anavyozoea kuchechemea. Halafu mwaka juzi uongozi mpya wa kiwanda ukaniita. Wakasema, "Fundi, vijana uliowafundisha wanatosha. Hatutakuombea tena kibali. Hiki ulicho nacho kikiisha, basi."

Nilitoka pale nikijiuliza. Nirudi wapi? Kule kwetu hata njia ya kwenda kisimani siikumbuki. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyenifumbua macho. Akasema, "Kwa nini usiombe uraia wa tajnisi, ule wanaopewa wageni waliokaa sana? Umekaa hapa kuliko hata mimi."

Mimi ni mtu wa kudadisi, ndugu zangu. Tangu utoto nikiona kitu kinafanya kazi lazima nikifungue nione ndani. Basi nikataka kujua: mtu anakuwaje Mtanzania? Kinachobadilika ni nini? Damu inabaki ile ile, sura ile ile, na bado asubuhi moja unaamka wewe ni wa hapa. Nikaenda Uhamiaji kuuliza maswali mengi mpaka kijana wa mapokezi akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari! Wakanieleza. Unajaza fomu. Unapita kwa mtendaji wa kata na kamati zake, kisha wilaya, kisha mkoa. Unatangazwa gazetini mara mbili, na tangazo linasema wazi kwamba yeyote mwenye sababu ya kupinga aandike barua. Halafu unaitwa kwenye mahojiano.

Nikajaza fomu mezani kwetu, mchana, Kabula akinisomea maswali. Jina la baba yako. Mahali ulipozaliwa. Tukafika pale wanapotaka uorodheshe watoto wako wote.

Ndugu zangu, kalamu ilisimama.

Kabla sijavuka Sirari kulikuwa na msichana kwetu anaitwa Atieno. Alizaa mtoto wangu wa kike. Nilimwona yule mtoto mara moja tu, amefungwa khanga ya manjano, ana miezi sita. Nikamwambia Atieno naenda kutafuta kazi, nitarudi. Sikurudi. Sikuandika barua. Simu zilipokuja sikupiga. Mtoto aliitwa Awino. Kabula hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwangu.

Kabula akasema, "Andika basi, wino utakauka." Nikaandika Neema, Yohana, Ester. Nikapiga mstari chini. Na kesho yake, Jumapili, nikaimba kwaya hapa hapa, sauti ya tatu, kama mtu asiye na deni mbele za Mungu!

Tangazo likatoka gazetini. Mlinipongeza. Wengine mlilikata na kulihifadhi. Miezi ikapita, nikaitwa mkoani kwa mahojiano. Nilikuwa nimejiandaa kama mwanafunzi wa darasa la saba: rangi za bendera na maana yake, mikoa, mihimili ya dola, wimbo wa taifa beti zote. Afisa aliyenihoji alikuwa mama mmoja mtaratibu, mwenyeji wa Iringa. Aliniuliza hayo yote, nikajibu. Kisha akafungua faili, akatazama karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliona ubavuni tu: karatasi ya daftari, wino wa bluu.

Akasema, "Mzee, una watoto wangapi?"

"Watatu, afande."

"Nakuuliza tena taratibu. Una watoto wangapi?"

"Watatu."

Akalifunga faili. Hakupandisha sauti. Akasema, "Tumepokea barua kuhusu wewe. Kusema uongo kwenye fomu hii ni kosa la kisheria, nadhani unajua. Nakupa wiki mbili. Ukirudi nitakuuliza swali hili hili."

Ndugu zangu, mnamkumbuka Petro kwenye ule moto. Mimi nilikuwa nimeshakana mara mbili, imebaki ya tatu.

Je, nilirudi nyumbani nikatubu? Hapana! Sikiliza jinsi shetani alivyo fundi kuliko mimi. Udadisi ule ule Mungu alionipa, akaugeuza. Badala ya kujiuliza nimefanya nini, nikawa najiuliza, ni nani aliyeandika? Usingizi ukanitoka. Hapa kanisani nikawa natazama kalamu zenu. Nani ana ya bluu? Katibu wa kwaya, nisamehe, siku ile nilipokuomba daftari la mahudhurio nikasema nataka kuhakiki majina, nilikuwa natafuta mwandiko. Na mwandiko wenyewe wa barua sijauona! Mama Elizabeth, jirani yangu, uliniletea mboga za majani, nikazipokea bila kukukaribisha ndani, kwa kuwa nilisikia una shemeji Migori, karibu na kwetu Rongo. Nisamehe na wewe.

Mwisho nikakumbuka. Kuna mtu mmoja tu niliyewahi kumwambia habari ya Awino. Masanja, tuliyefanya naye kazi zamani, siku hizi anaishi Maswa. Nikasema, ni yeye! Nikapanda gari asubuhi, hasira imenijaa, nimeshapanga na maneno.

Nikamkuta ameketi uani kwake kwenye kiti. Kiharusi kilimpiga mwaka ule, na mimi sikuwa nimesikia. Mkono wa kulia umelala mapajani. Nikamsalimia, macho yangu yakashuka kwenye ule mkono, yakakaa pale. Akaona.

Akasema, maneno yakitoka polepole, "Fundi, umekuja kuniona mimi, au umekuja kuuona mkono wangu?"

Nikaketi chini. Nikamweleza yote: fomu, barua, afisa. Nikamwambia, "Nisaidie, Masanja. Uliwahi kumwambia nani?"

Alifikiri. Akasema hakumbuki kumwambia mtu, ila miaka ni mingi na midomo ni mingi. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Huyo mtoto aliolewa?"

Nikasema sijui.

"Alisoma?"

"Sijui."

"Yu hai?"

Ndugu zangu! Mimi mdadisi, mimi ninayefungua redio za watu kuona ndani, nilikuwa sijui kama mtoto wangu yu hai. Wiki nzima nimemchunguza kila mtu Bariadi, na habari zake yeye sijamuuliza hata Mungu. Nililia pale uani kwa yule mgonjwa mpaka mke wake akatoka jikoni kuona ni nani amekufa. Masanja akaniwekea mkono wake wa kushoto kichwani, ule mzima, akaniombea kwa Kisukuma. Sikuelewa maneno yote. Lakini kitu kilikatika ndani yangu, nilikisikia kama mkanda wa mashine unavyokatika, na kelele yote ikanyamaza. Hapo ndipo Bwana aliponishika!

Nikarudi Bariadi siku ile ile. Nikamkuta Kabula anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, kwenye turubai. Nikasema, "Mama Neema, acha kidogo." Nikamwambia pale pale tumesimama, jua la saa tisa likituwakia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Ana miaka mingapi?" Nikahesabu, nikamwambia. Akauliza, "Na siku ile nakusomea fomu, ulikuwa unalijua jina lake?" Nikasema ndiyo.

Akamaliza kuanika michembe. Kipande kwa kipande. Kisha akafunga nguo akaenda kwao Mwamapalala. Siku tisa. Simu hapokei. Mlionipikia siku zile mkidhani amekwenda kuuguza, sasa mnajua.

Yeye hajarudi, siku ya Uhamiaji ikafika. Nilikwenda peke yangu. Yule mama akafungua faili, akauliza, "Mzee, una watoto wangapi?"

"Wanne, afande. Wa kwanza anaitwa Awino. Niliwadanganya."

Hakutabasamu. Akaandika. "Yuko wapi?"

"Sijui."

"Basi kajue. Andika maelezo yako kwa mkono kwamba uliacha jina, na uniletee cheti chake cha kuzaliwa. Sikuahidi kitu. Faili litakwenda na ukweli wote, wakubwa wataamua."

Nilitoka pale sina uhakika wa chochote, na bado, jamani, nilikuwa nimepona! Kama kuna asiyeelewa mtu anawezaje kuogopa na kupona kwa wakati mmoja, aje aniulize baada ya ibada.

Kabula alirudi jioni ya siku ya tisa. Aliweka mzigo chini, akanywa maji, akasema, "Baba Neema, sijakusamehe bado. Lakini kumtafuta mtoto huendi peke yako. Wewe ukimkuta utaanza kujitetea." Alikuwa amesema kweli tupu.

Tukaondoka kupitia Lamadi na Bunda, tukavuka Sirari, mpaka Rongo. Kijijini kwetu watu wachache walinikumbuka. Wakatuelekeza: Atieno aliolewa mbali, yu mzima, na Awino ni mwalimu wa shule ya msingi, amepanga nyumba karibu na shule. Yu hai, ndugu zangu! Nilisimama njiani nikasema haleluya, mbuzi wakakimbia.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye paji la uso la mama yangu mzazi. Ana chaki mikononi. Nikasema mimi ni nani. Hakulia, hakupiga kelele. Akauliza kwa Kiswahili kizuri cha kimwalimu, "Baada ya miaka yote hii, kimekuleta nini?"

Nilitaka kusema upendo. Kabula akanikanyaga mguu. Nikasema, "Karatasi. Naomba uraia kule ninakoishi, nilikuficha kwenye fomu, ikagundulika. Karatasi ndiyo iliyonileta. Lakini sasa nimekuona, na naomba msamaha, na hilo silisemi kwa ajili ya karatasi."

Akasema, "Angalau hukudanganya." Akamkaribisha Kabula ndani. Mimi nikabaki kwenye kibaraza. Waliongea saa nyingi. Mpaka leo sijui waliongea nini, na nimeuliza! Nilisikia mara moja wanacheka, nikajua wananicheka mimi, nikamshukuru Mungu.

Alipotoka ameshika bahasha. Akasema, "Cheti hiki hapa, katoe nakala. Habari ya ubaba, hiyo tutaona."

Nikakifungua. Jina la mtoto, jina la mama. Pale pa jina la baba, karani alipiga kistari kifupi. Nimefunga mashine kubwa maishani, nimeinua vyuma vizito, lakini kile kistari kilinishinda kukitazama.

Nitafupisha, mchungaji amesogea. Faili lilikwenda juu. Kibali changu kilikuwa kimebakiza siku chache kuisha. Ninyi mlifunga na kuomba. Na jibu likaja: nimekubaliwa! Nikaukana uraia wa zamani kwa maandishi, nikainua Biblia hii hapa, nikala kiapo. Nilikuwa nimesubiri kuona kitakachobadilika ndani yangu. Niwaambie? Nilitoka nje nikahisi njaa, kama kawaida, nikanunua hindi la kuchoma. Mabadiliko yangu yalikuwa yameshafanyika Maswa, uani kwa mgonjwa.

Na barua? Sijui aliyeiandika. Sitawadanganya, udadisi bado upo, na naona baadhi yenu mnatazamana. Inawezekana uko humu ndani. Kama ulikusudia kuniangusha, Mungu alikutumia kuninyanyua, na chai nyumbani kwangu ipo. Wabeja sana, asante. Sihitaji jina lako.

Lakini kuna jina ninalotaka mlijue. Yule dada aliyeketi pale na Mama Neema, mwenye mtoto mchanga, ndiye Awino. Shule zimefungwa kwao, amekuja wiki hii mara ya kwanza. Simama, mwanangu, watu wakuone. Msimpigie makofi sana, mtamwamsha mjukuu wangu. Bado hajaniita baba. Ananiita Fundi, kama ninyi nyote, na kila akiniita naitika mbio.

Ndugu yangu uliyekuja leo na jina ulilolificha, usingoje uulizwe mara ya tatu. Mwambie Yesu kwanza, kisha umwambie anayestahili kuambiwa, hata kama unaogopa. Nilidhani ukweli utanitoa kwenye nchi na kwenye nyumba yangu, na nisingekuwa mwongo kama ningejua Bwana ni mwema kiasi hiki. Mtumaini! Njoo hapa mbele wakati kwaya inaimba. Nitasimama na wewe.