Kibii Kiprugut na Mpango wa Vituo Viwili

Tarehe 9 Septemba 1958, marehemu Kibii Kiprugut alizaliwa Olenguruone. Tarehe hiyo imethibitishwa: kadi yake ya ubatizo na cheti chake cha shule vinakubaliana, jambo lisilo la kawaida kwa watu wa rika lake.

Alisoma shule ya msingi hukohuko, akaingia sekondari Molo mwaka wa 1974, kisha chuo cha ufundi mjini Nakuru, alikohitimu Novemba 1981. Kuanzia Januari 1982 alifundisha ufundi wa mitambo Njoro kwa miaka thelathini na miwili. Mwanafunzi aliyefunga injini akabaki na nati moja mkononi hakwenda chakula cha mchana.

Jumamosi, tarehe 20 Desemba 1986, alifunga ndoa na Cheptanui kanisani Njoro. Alichelewa kwa saa nzima kwa kuwa trekta la jirani lilikuwa limezima njiani. Katika picha ya harusi, vidole vyake vina grisi. Mwaka uliofuata walihamia Mau Narok, wakalima viazi na kulea watoto watatu.

Mwaka wa 2014 aliajiriwa kupanga masomo ya vituo viwili vya ufundi vya eneo hili, cha Mau Narok na cha Olenguruone. Alikuwa na namna yake ya kupanga: kabla ya kuamua somo lipi lifundishwe wapi, alizunguka sokoni na mashambani siku nzima akiandika vitu vilivyoharibika. Binti yake Chepkirui, aliyemsindikiza mara nyingi, anakumbuka mama mmoja wa soko la Olenguruone akimfokea:

“Boss, hununui, hubebi, unaandika tu. Wewe ni wa kodi?”

“Hapana, mathe. Natafuta vilivyoharibika.”

“Basi twende nyumbani uanze na mzee wangu!”

Marehemu alicheka, akaandika mikebe ya maziwa inayovuja na mashine mbili za kukamulia. Hapa Mau Narok aliandika matrekta na kombaini za kuvunia ngano zilizolala mashambani zikingoja fundi kutoka mbali. Kwa hiyo rasimu yake ya Novemba 2016 ilikuwa wazi: Mau Narok wafundishwe mitambo ya shamba, Olenguruone wafundishwe ufundi wa vifaa vya maziwa.

Nakala ya mwisho, ya tarehe 17 Februari 2017, inasema kinyume. Mitambo ilikwenda Olenguruone, maziwa yakaja Mau Narok. Mwandiko ni wake, na sahihi ni yake. Vifaa vilipelekwa kama ilivyoandikwa.

Tangu siku hiyo Chepkirui hakupita dukani Mau Narok bila kusikia maneno. “Mzee wenu alikula viazi vyetu, trekta akapelekea watu wa kwao,” waliambiana vijana akisikia. Yeye alitaka jambo moja tu: kujua kama baba yake alipendelea alikozaliwa. Alimwuliza Machi 2019, akimwekea nakala hiyo mezani.

“Baba, ni wewe uliandika hivi?”

Aliisoma yote, polepole. “Ni mwandiko mzuri,” alisema. “Huyu ni nani?”

Mwezi huohuo daktari wa Nakuru aliiambia familia kwamba marehemu ana maradhi ya kusahau, na kwamba hawezi kusema yalianza lini. Cheptanui anaamini yalikuwepo mapema: Januari 2017 mumewe alitoka asubuhi kwenda mkutanoni Njoro, akapiga simu kutoka Olenguruone akiuliza mkutano umehamishiwa wapi. Lakini Bwana Kihara, aliyefanya kazi naye meza moja, anasema Februari ile akili yake ilikuwa timamu, na kwamba alimsikia akisema: “Kijana wa Olenguruone hana shamba la kutosha. Mpe ufundi wa kutoka nao.” Kihara hana hakika kama maneno hayo yalisemwa kabla ya nakala ya mwisho au baada yake. Nao vijana kadhaa waliosoma Olenguruone leo wanatengeneza kombaini hapa Mau Narok, wakati vijana wa Mau Narok waliotaka kazi hiyo wamekwenda kuitafuta kwingine. Chepkirui amewapa mkono wote, asijue awashukuru au awaombe radhi.

Marehemu aliuguzwa nyumbani kwa miaka sita. Februari mwaka huu alipatwa na homa ya mapafu, akafariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa tatu asubuhi, Cheptanui akiwa kando yake.

Ameacha mjane wake Cheptanui, watoto wake Chepkirui, Kosgei na Winrose, wajukuu watano, dada mmoja, na wanafunzi ambao daftari zake za Njoro zinawataja kwa majina, elfu moja mia mbili na sita. Majirani wa Mau Narok ndio waliochimba kaburi hili, na familia inawashukuru. Mungu ampokee Kibii, ampe pumziko.

Kama alibadilisha mpango kwa kupendelea kwao, kwa kuona mbali, au kwa maradhi, familia haijui.