Daraja Lililofutwa Mara Mbili

Marehemu Mzee Kebaso Nyakundi alizaliwa mwaka 1929 huko Gusii, mtoto wa tatu wa Mzee Nyakundi na Mama Yunia, wakahamia mashamba ya chai ya Kericho mwaka 1937, akasoma Kabianga hadi 1947, na tarehe 12 Agosti 1953 akamwoa mama yetu Phelis Bitutu, wakajaliwa watoto sita na shamba hapa Kimulot.

Mwaka 1964 aliajiriwa karani wa mipango wilayani, kazi aliyoipenda kupita kiasi, hata wakati wa chakula alitufundisha kwamba mpango wa lokesheni huingia katika wa tarafa, wa tarafa katika wa wilaya, na wa wilaya hupanda mkoani mpaka Nairobi, na kwamba kilichoachwa chini hakionekani juu, na kisichoonekana juu hakishuki kuwa mawe na saruji.

Novemba 1973, akiunganisha mpango wa miaka mitano, aliona daraja la mto wetu limeombwa na Boito, lokesheni ya ng'ambo, na Kimulot pia, akalifuta kwa Boito kwa kuwa limo katika orodha ya Kimulot, na siku tatu baadaye, akisahau, akalifuta kwa Kimulot kwa kuwa limo katika orodha ya Boito, akagundua wakati mpango umeshapigwa chapa, akaambiwa asubiri mpango ujao.

Tarehe 19 Aprili 1975 Chepkirui wa Boito, miaka kumi na tisa, alichukuliwa na maji akivuka na kapu lake la majani chai.

Tangu hapo, kila mvua iliponyesha Mzee aliacha chakula akisema kuna mtu anaita ng'ambo, tukatoka naye na tusione mtu, na mwaka jana Mama Phelis naye akaanza kusikia.

Februari 1978 alianza kuugua kifua, akatutoka tarehe 6 Mei, saa kumi alasiri, akiwa ametuagiza haya yasomwe hadharani, kwani mama mzazi wa Chepkirui, Mama Chepkemboi, alimletea maziwa kila Jumapili kwa njia ndefu ya kuzunguka, na Mzee hakuthubutu kumwambia kwamba yeye ndiye aliyelifuta daraja.

Tunawashukuru madaktari, majirani, makarani wenzake walioliandika daraja katika mpango mpya, na watu wa Boito waliozunguka tangu alfajiri kufika hapa, akiwemo Mama Chepkemboi aliyeketi mbele yetu, ambaye ndiyo kwanza anayasikia haya.

Baba, pumzika kwa amani, Mama Chepkemboi akikuachilia.