Nusu Moja ya Leso

Assalaam aleykum, kina mama. Na nyinyi wenzetu wa imani nyingine mliotoka Kikoneni, amani iwe kwenu pia. Nimeombwa nisimame nieleze yaliyotupata nyumbani kwetu. Majina sitataja, kwani wenyewe wengine wamo humu ndani, na nikiwataja leo sipewi chakula cha mchana.

Munacheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Kila nikilisimulia jambo hili nashtuka upya.

Nilikuwa kidato cha tatu, huku huku upande wa Msambweni. Somo lililonitesa lilikuwa bayolojia, na ndani ya bayolojia, kugawanyika kwa seli. Mitosisi. Hatua zake nilizihifadhi vile tulivyohifadhi sura za Kurani chuoni: profezi, metafezi, anafezi, telofezi. Kwa mdomo nilikuwa hodari kweli kweli. Siku moja mwalimu wetu, kijana wa bara, aliniacha nikazimaliza zote, kisha akaniambia, "Wewe unaniimbia tu. Sasa niambie, hapo ndani kunaendelea nini?" Nikaanza upya, profezi, metafezi. Darasa zima likaangua kicheko.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, akili ya kusoma sikuwa nayo. Nyumbani kulikuwa hakukaliki.

Mamangu alikuwa ameota kivimbe kwenye titi. Kidogo, kigumu, hakiumi. Huko kutouma ndiko kulikotuponza. Hakuwa na muda mrefu tangu amwachishe ziwa mdogo wangu, basi wakubwa wakasema ni maziwa yamelala, akandwe kwa mafuta ya nazi ya moto. Akakandwa. Kivimbe kikazidi. Hapo maneno yakageuka, ikawa si maziwa tena, ni mkono wa mtu.

Mkono wa nani? Wa shangazi yangu, dada yake baba.

Munayajua mambo yetu ya leso. Doti unainunua nguo moja, leso mbili zimeungana, rangi ile ile, maandishi yale yale, kisha unaikata katikati. Mama na wifi yake walikuwa hawaachani. Kabla ya Idi walinunua doti moja wakaikata, kila mtu akachukua yake ili wavae sare. Mama akawa anajifunga ile yake kifuani akiwa nyumbani, na kivimbe kikatokea pale pale penye fundo. Mganga aliyeitwa akasema ugonjwa umepitia kwenye leso. Ichomwe, na mwenye nusu ya pili asikanyage tena pale kwetu.

Ikachomwa uani, naiona. Shangazi alipokuja kumjulia hali mgonjwa, babangu, ndugu yake wa tumbo moja, akamfukuza mlangoni kwa sauti ya kusikika na majirani. Shangazi aliondoka pekupeku, viatu kaviacha kizingitini. Mimi niko jikoni, sijui nishike lipi.

Basi nikarudi darasani. Mwalimu akachora tena ubaoni, safari hii pole pole. Akachora uzi mmoja, akauita kromosomu. Akasema kabla seli haijagawanyika, kila uzi hujitengenezea mwenzake aliye sawa naye kabisa, wakawa wameshikana. Kisha nyuzi hizo hujipanga katikati ya seli, pacha wakaachanishwa, mmoja akavutwa huku, mwenzake kule, na seli moja ikawa mbili, kila moja na urithi wake kamili.

Mwenzenu nikaropoka, "Mwalimu, hiyo si doti?"

Maskini, mtu wa bara, akauliza doti ni kitu gani. Wasichana wote tukamjibu kwa pamoja! Alipoelewa alinipa chaki, akanituma ubaoni nieleze mwenyewe. Nikaeleza, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nakiona ninachokisema. Nilifurahi mpaka swali likanitoka bila kulipanga. "Na nani huiambia seli iache kukata?"

Akasema seli ina mzunguko wake. Hukua, hunakili nyuzi zake, hujikagua, hugawanyika, na ikiambiwa basi, hutulia. "Lakini kuna seli huharibika, ikawa haisikii tena. Inagawanyika tu, na zinazotoka kwake hivyo hivyo. Zinajaa mahali pamoja, unakuwa uvimbe. Na mara nyingi mwanzoni hauumi."

Hauumi! Jamani, chaki ilinianguka. Nikamwuliza, "Mwalimu, hutumwa na mtu?" Akanitazama asinielewe. "Utumwe na nani? Ni seli za mwili wa mtu mwenyewe. Na si kila uvimbe ni saratani, lakini wa kusema ni daktari, tena mapema."

Mambo mawili yalinipiga kwa pamoja. Mamangu anaweza kufa. Na shangazi yangu hana kosa.

Nilifika nyumbani natweta. Baba hata hakunisikiliza. "Nakusomesha ili uje kunifundisha nyumba yangu?" Nikamwacha, nikamfuata mama chumbani. Sandukuni kulikuwa na doti mpya haijakatwa. Nikaitoa, nikachukua mkasi, nikaipasua katikati.

"We mtoto, una wazimu? Doti yangu!"

"Mama, hii ni seli yako. Ilikuwa moja, sasa ni mbili. Kila moja ijitengenezee pacha, ikatwe tena, na tena, pasiwe na wa kuikataza. Chumba hiki hakitajaa? Ndiyo hicho kivimbe. Kimetoka mwilini mwako mwenyewe, hakuna mkono ulioingia."

Mama akagusa kifua. Nikangoja aniulize kama atakufa. Hakuuliza hilo. Akasema, "Basi wifi yangu tumemfukuzia nini?"

Akavaa buibui, ruhusa hakuomba, akatoka mbio, mimi nyuma. Kufika kwa shangazi, nikajua tutafungiwa mlango. Shangazi akamtazama mama juu mpaka chini, machozi yanamtoka, neno lake la kwanza likawa, "Hospitali umeenda?" Wallahi nilishtuka kuliko nilivyoshtuka darasani. Hakutaka kuombwa radhi!

Asubuhi walikwenda pamoja. Vipimo vilipoonyesha ni saratani, shangazi ndiye aliyerudi kumkabili baba. "Kaka, nifukuze ukipenda, lakini mkeo anapasuliwa."

Alipasuliwa. Titi likaondolewa. Alipotolewa chumba cha upasuaji anasukumwa kitandani, alikuwa akitetemeka kwa baridi, shuka halimtoshi. Shangazi akajifungua leso aliyojitanda begani, akamfunika. Ilikuwa ile nusu ya pili. Babangu alikuwa amesimama pale, na aliijua, kwani nusu ya kwanza aliichoma kwa mkono wake mwenyewe. Sote tukamtazama yeye. Akainama, akaivuta ile leso pole pole, akamfunika mama nayo miguu. Kisha akamgeukia dada yake, akalia mbele za watu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari na wauguzi, na mwalimu yule wa bara aliyekataa nimwimbie. Shangazi, wewe sijui nikushukuruje. Nanyi kina mama, nawaomba kitu kimoja. Ukigusa kivimbe mwilini, kiwe kinauma au hakiumi, usimtafute aliyekutumia. Mtafute daktari.

Wako humu ndani, wifi wawili. Leso yenyewe ndiyo aliyojifunga mamangu leo. Shangazi anaidai tangu siku ile ya hospitali, na mpaka sasa hajarudishiwa.