Mama Pingili na Muwa Wake wa Mwisho

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofanya naye kazi, tumekuja kumsindikiza dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Pingili mpaka mkasahau jina aliloandikishwa shuleni, na sisi wadogo zake tumeona ni haki safari yake isomwe kama ilivyokuwa, bila kupakwa rangi, kwa sababu mwenyewe hakupenda kitu kipakwe rangi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba za wafanyakazi zilizo nyuma ya kiwanda cha sukari, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa dereva wa trekta na mkewe mshonaji, na moshi wa kiwanda uliingia mpaka ndani ya kabati la nguo, kiasi kwamba sare zetu zote zilinukia molasi. Alisoma shule ya msingi ya kambini kuanzia 1965 hadi 1971, sekondari ya bweni kuanzia 1972 hadi 1977, akachaguliwa chuo kikuu, akahitimu shahada ya kilimo mwaka 1981, na baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, siku hiyo aliegesha trekta mbele ya nyumba akapiga honi mpaka msimamizi akaja juu.

Julai 1982 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa miwa, kitengo cha kuzalisha mbegu mpya, na hapo ndipo alipopata jambo alilolitaka kuliko yote kazini, nalo ni kuacha nyuma yake muwa mmoja mzito kwelikweli, ambao mkulima akiupanda hautamwangusha siku ya mizani. Kwa asiyeijua kazi hiyo, maua ya muwa mmoja huchavushwa kwa ya mwingine, mbegu zake laini kama vumbi huoteshwa kwa maelfu, na mche unaofaa hutafutwa kwa zaidi ya miaka kumi, hivyo mtafiti akikosea kuchagua mwanzoni, nusu ya maisha yake ya kazi imekwenda na maji.

Enzi hizo wakubwa walichagua kwa macho, muwa mrefu ndio uliopigiwa makofi, na shina lenye machipukizi mengi likaonekana ndilo mkombozi, lakini yeye aliuvua kila muwa majani yake, akapima unene, akapima urefu, akahesabu pingili, akauweka kwenye mizani peke yake, msimu baada ya msimu, mpaka akaonyesha kwamba katika miwa yake unene ndio uliokwenda na uzito kuliko kitu kingine, urefu ukifuata, pingili nyuma yake, na kwamba shina lenye watoto wengi mara nyingi limewanyima chakula. Mkuu wa kituo wa wakati ule alimtania mbele ya watu kwamba anaitetea miwa mifupi kwa sababu ni ndugu zake, naye, aliyekuwa mfupi wa kujaza kiti, akamjibu kwa heshima zote kwamba urefu wa mkuu hauna ubishi, ila wakipanda mizani wote wawili watu wataona nani mwenye kilo. Watu walicheka, mkuu naye akacheka, na mwaka uliofuata kipimo cha unene kikaingizwa kwenye uchaguzi wa miche.

Mwaka 1984 alikataa matokeo ya shamba zima akidai mizani ya kituo inasema uongo, kiwanda kikamtuma fundi, fundi akaifungua, akaifunga, akamweleza kwa upole kwamba mizani haina kosa, ila vibarua wanaacha majani na udongo kwenye miwa, na dada yetu, ambaye kukubali kushindwa kwake kulikuwa kama kung'oa jino, alimkaribisha chai, kisha akamwita tena wiki iliyofuata kukagua mizani isiyo na tatizo lolote. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, waliokulia katika nyumba ambayo miwa ililazwa mpaka kwenye beseni la kuogea, na shemeji yetu akilalamika aliambiwa avumilie, alijua anaoa nini.

Alistaafu mwaka 2018, lakini kituo kilimwomba abaki na kitalu kimoja cha majaribio, ambamo alikuwa na muwa aliouzalisha mwenyewe tangu ua, mnene, usioangushwa na upepo, tuliouita muwa wa mwisho, naye akatuambia tuache uchuro. Februari 2023 alianza kuumwa mgongo na kupungua mwili, hospitali ikabaini saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na daktari alimwambia ukweli wote kwa sababu aliudai wote.

Muwa ule ulivunwa Agosti, ukapimwa, ukaipita kwa mbali aina inayolimwa sasa, na wenzake wakaja chumbani kwake na furaha isiyofichika, wakimwomba akubali upelekwe kwenye kamati ya kupitisha mbegu mpya ukiwa na jina lake. Aliwasikiliza, akauliza wamevuna mistari ipi, wakamjibu kwamba trekta lilikanyaga mistari ya ndani, wakafidia kwa ya ukingoni, naye akafumba macho, maana muwa wa ukingoni hupata jua na hewa upande usio na mwenzake, hunenepa kwa nafasi na si kwa asili yake, na uzito wake haumwambii chochote mkulima atakayeupanda katikati ya shamba. Wenzake walimsihi, binti zake walimsihi, sisi tulimsihi, hata shemeji, aliyeishi na mizani maisha yake yote, alimwambia kwamba huenda tofauti ni ndogo, akubali tu. Alijua muwa unataka mwaka kukomaa na yeye hana mwaka, akalia, tena kwa sauti, kisha akasema upandwe upya, katikati, uzungukwe na wenzake, upimwe hapo.

Dada yetu alifariki asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka 65, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne, na hakuacha muwa wowote wenye jina lake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kumdanganya, majirani waliotupikia na kulala nasi sebuleni, na wafanyakazi wenzake, ambao juzi, wakiwa na msiba mabegani, walikwenda kupanda vipande vya muwa ule katikati ya shamba kama alivyoagiza. Hatujui utakuwa na uzito gani, wala yeye hakujua. Pumzika kwa amani, dada, mwakani tutaupima.