Pumzi Kumi za Mama Subiri

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, Mkuu wa Kitivo chetu cha Kilimo, maprofesa na wahadhiri wenzangu, wanafunzi wetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mzee wetu, mume wa mama tunayemuaga leo: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimepewa dakika tano. Wanaonijua wameshaanza kucheka, maana mimi ni mhadhiri wa udongo, na sijawahi kumaliza jambo lolote kwa dakika tano. Ninalo pia ombi, kwa sababu tumeambiwa kwamba mama akistaafu leo, kazi yake inafungwa na chumba chake kinakuwa stoo ya viti.

Mama huyu alipoletwa kitivoni kutusaidia tufundishe vizuri zaidi, tulinong'ona. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sisi tuna vyeti vya kujaza ukuta. Tukaulizana, atatufundisha nini huyu, kuimba? Akapewa kile chumba kidogo kando ya maabara ya mbegu, chenye dirisha linalotazama vitalu vya miche. Kazi yake ikawa kuingia madarasani mwetu, kukaa safu ya mwisho na kuandika. Kumbe hakuandika tuliyoyasema sisi. Aliandika waliyoyafanya wanafunzi.

Siku aliyokuja darasani kwangu ilikuwa saa nane mchana, saa ile ambayo jua limejilaza juu ya madawati, vumbi la chaki linaelea bila haraka, na nusu ya darasa iko macho lakini haipo. Nilikuwa nasoma notsi zangu zilizogeuka rangi, na nikaisikia sauti yangu kama inatoka chumba cha jirani, sauti ya mtu mpole asiye na haja na yeyote. Kipindi kilipoisha mama akaniambia, "Mwalimu, umeuliza 'tumeelewana?' mara thelathini na moja. Mara zote umejijibu mwenyewe."

"Mama, muda hautoshi."

"Uliza mara moja tu, kisha subiri. Vuta pumzi kumi. Yule binti wa dirishani ameinua mkono nusu, mara tatu, na mara tatu umempita."

Ndipo tukampa jina la Mama Subiri, na nakiri tulimpa kwa kejeli. Muhula mzima sikusubiri hata pumzi moja. Binti yule, ndugu zangu, ni mtoto wa mkulima wa mihogo. Udongo wa kichanga na wa mfinyanzi aliujua kwa vidole kabla hajajua kusoma. Akashindwa mtihani wangu mara ya pili, na kwa kanuni zetu mara ya pili ni kwaheri. Nilimwona akivuka uwanja na godoro lake kichwani. Nikamhurumia, kisha nikaenda kunywa chai.

Nani kati yetu hajawahi kunywa chai ya namna hiyo?

Yangu haikushuka. Wiki iliyofuata nikabisha hodi kwa mama. Hakusema "nilikwambia". Aliniwekea kiganjani bonge la udongo mbichi, akaniambia nifumbe macho. "Usinieleze unachokijua. Nieleze unachokishika." Ukawa baridi, laini, ukajinyoosha kati ya vidole kama utepe. Nje watu wa vitalu walikuwa wakimwagilia, na sauti ile ya maji ikanichukua mbali, nikawa mtoto wa miaka sita nyuma ya mama yangu akipalilia. Sijui nilisimama pale muda gani. Nilikuwa nimefundisha udongo miaka kumi na mmoja bila kumpa mwanafunzi hata mmoja aushike.

Tangu siku hiyo darasa langu huanza kwa mikono michafu. Profesa wa mifugo amehamia zizini na wanafunzi wake, na harufu anatuletea sisi vikaoni. Mtaalamu wetu wa magugu, ambaye hakuwahi kukosea tangu azaliwe, siku hizi husema darasani, "Sijui, twendeni tukaangalie."

Binti yule nilimfuata shambani kwao. Nikamwomba radhi, nikamwambia nitamtafutia njia ya kurudi chuoni. Akacheka taratibu. "Mwalimu, sina kinyongo na wewe. Lakini sasa nina mtoto na nina shamba. Wewe wasubiri hao wengine walioko darasani." Hakurudi. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na sioni kwa nini liache kuniuma.

Mheshimiwa, asubuhi hii nimeacha barua mezani kwako. Nimejiuzulu ukuu wa idara yetu ya udongo, na naomba nipewe kazi ya mama, kwa cheo chochote mtakachoona kinafaa. Wenzangu wameniuliza kama nimerukwa na akili. Mke wangu ameuliza vivyo hivyo, kisha akanipigia pasi shati hili.

Mama, tunakupenda, na tulichelewa kukwambia. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Kipaza sauti hiki sikizimi, Mheshimiwa. Nakileta hapo mezani kwako, unijibu mama akiwa bado yumo ukumbini.